Mkaa Hauna Moshi

Kaeni, wapendwa. Na wewe mzee wa kanisa uliyesimama pale mlangoni, usiufunge huo mlango. Najua kuna baridi. Huu ni mwezi wa saba na sisi ni watu wa milimani, ukungu tunaujua. Uache wazi hivyo hivyo. Mwenye shali ajifunike, mwenye mtoto ambebe vizuri, tuendelee.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akirekebisha nyumba yake. Simtaji jina, kwa hiyo acheni kuangaliana. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Pombe hanywi, mkewe hampigi, wanawe wanakula na kushiba. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati juu, vyumba vitatu na sebule, na kila Jumamosi utamkuta ameshika mwiko au msumeno. Shida yake ilikuwa moja: alikuwa mwoga. Aliogopa wezi. Aliogopa baridi. Aliogopa macho ya watu. Na kuliko vyote hivyo, aliogopa jirani yake.

Huyo jirani tumwite Mama Lugano. Ninyi mnamjua Mama Lugano, hata kama mtaani kwenu anaitwa jina lingine. Ni yule anayepiga hodi akiwa ameshaingia. Wakati ule jiko la familia lilikuwa nje, kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba, na mke wa yule baba akibandika tu sufuria, Mama Lugano huyo hapo. "Leo mnakula nini, mwenzangu? Hebu nipe kaa moja la moto nikawashie langu." Anaondoka na kaa la moto, na chumvi kidogo, na habari zote za nyumba ile: nani anakohoa, nani kafeli mtihani, nani kagombana na nani. Tusimtetee. Mdomo alikuwa nao.

Siku moja yule baba yuko dukani, mtu akamuuliza mbele za watu, "Eti kwako siku hizi ni dagaa wiki nzima? Kuna nini?" Watu wakacheka. Alirudi damu inamchemka. Akapitiliza mpaka mlangoni kwa Mama Lugano, akamwambia, "Usikanyage tena kwangu. Usije kuomba kaa la moto, wala chumvi, wala salamu sitaki."

Kisha akabomoa kile kibanda. Jiko la mkaa akalihamishia ndani, sebuleni, ili pasiwe na mtu wa kujua anakula nini. Akapanda ngazi na ndoo ya saruji, akaanza kuziba matundu ya hewa. Mnayajua, yale ya juu ya madirisha, ambayo fundi akiyaacha ninyi mnamuuliza ni ya nini. Akaziba la kwanza, akaziba la pili. Mkewe yuko chini ameshikilia ngazi, mtoto mchanga mgongoni.

"Baba watoto," mkewe akasema, "sasa moshi utatokea wapi?"

"Moshi gani? Kuni ndizo zina moshi. Mkaa hauna moshi."

"Basi tuachie hata moja."

"Nikuachie moja, yule mwanamke asikie mpaka unavyopumua?"

Na wapendwa, alichosema yule baba ni kweli. Mkaa ukishakolea hauna moshi. Kinachotoka pale ni hewa yenye sumu, na hukioni. Hukinusi. Hakikukoholeshi hata kidogo. Kichwa kinauma, unadhani ni uchovu. Unasikia usingizi, unasema ngoja nijinyooshe kidogo. Mimi nikilifikiria hili mwili wangu unasisimka, kwa sababu mwizi akija mbwa atabweka, nyoka akija kuku watapiga kelele. Hiki kinaingia mtu akiwa anaota moto.

Akaziba yote. Chini ya mlango wakaweka blanketi kuukuu. Nyumba ikawa na joto, jamani! Watoto wakavua masweta. Yule baba akakaa kwenye kiti chake, akatazama huku na huku, akasema moyoni, sasa hii ndiyo nyumba. Tundu moja tu lilimpita, pale juu ya kabati, linalopitisha waya wa antena. Halikuzidi kidole. Alilisahau.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alikuwa na binti mkubwa, wa darasa la sita, ambaye anakaa kwa bibi yake bonde la pili kwa sababu ya shule. Shule zikafungwa. Ijumaa jioni binti akafika na mkoba wake, amelowa, amechoka. Akasalimia, akatua mzigo, akasema kama mtoto yeyote aliyelelewa, "Ngoja nikamwamkie Mama Lugano."

"Huendi," baba akasema.

"Kumwamkia tu, baba, narudi sasa hivi."

"Nimesema huendi. Kale, ukalale."

Akala, akaenda kulala chumba cha ndani. Hilo la binti lishikeni, tutalirudia.

Asubuhi yake manyunyu yanaanguka, ukungu mzito. Mama akabandika maharage pale sebuleni, akakaa kwenye mkeka karibu na jiko, yeye na mchanga wake na yule wa kiume wa miaka minne. Binti bado yuko kitandani. Wakasema mwacheni alale, safari ya jana ilimchosha. Baba akaaga, anakwenda kununua rangi, maana sasa alitaka kuta za ndani ziwe za krimu. Akiwa nje akasema, "Mama, funga komeo. Na lile blanketi ulirudishe chini ya mlango." Mkewe akafunga komeo, akarudisha blanketi.

Maharage yanachukua muda gani, akina mama? Niambieni, mimi sipiki. Saa mbili? Na yakiwa ya msimu uliopita, tatu? Basi maji yakakauka kwenye ile sufuria. Hakuna aliyeinuka kuongeza.

Mama Lugano alikuwa uani kwake anaanua nguo zilizolala nje. Upepo ukamletea harufu, imepenya kwenye lile tundu la antena. Akanusa: maharage yanaungua. Akasonya. "Wameyataka wenyewe," akasema, akaendelea na nguo zake. Akaanua shuka moja. Akaanua la pili. Halafu akasimama. Miaka sita alikuwa amekula maharage ya yule mama, na hajawahi kuyakuta yameungua hata siku moja.

Niwaulize. Wewe ungefanya nini? Umefukuzwa kwenye ile nyumba kama mbwa. Umeambiwa hata salamu yako haitakiwi. Ungekwenda? Msinijibu haraka kwa sababu mko kanisani. Mimi mchungaji wenu nawaambia ukweli: mimi ningeingia ndani nikanywe chai yangu.

Mama Lugano akaenda. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, kimya. Akaweka jicho kwenye kioo cha dirisha la pembeni ya mlango, akaona mguu. Mguu wa mtu mzima umelala kwenye mkeka, na mtoto amelalia tumbo la mama yake, na hakuna kinachotikisika mle ndani. Akakimbia kwake, akarudi na mchi wa kinu, akavunja kioo, akapitisha mkono kati ya nondo. Kioo kikamchana mpaka kwenye kiwiko. Akalipata komeo, akafungua.

Akamvuta mama kwa makwapa mpaka nje. Akarudi akamtoa mchanga. Akarudi tena akamtoa wa kiume. Kichwa kinamzunguka, anatapika, anaita, "Jamani, njooni! Njooni huku!" Na ule ukungu, nani amsikie? Mara mama akakoroma, akavuta pumzi. Mchanga akatoa kilio chembamba. Wa kiume akafumbua macho. Mama Lugano akaanguka pale mlangoni, mchi bado uko mkononi, akamshukuru Mungu kwamba wote wametoka salama.

Hapo ndipo yule baba akatokea na ndoo yake ya rangi.

Unafikiri aliona nini kwanza? Aliona kioo. Kioo chake kimevunjwa, na adui yake yuko mlangoni na mchi mkononi. Akatupa ndoo, akamrukia, akamkwida shingoni. "Mwizi wewe! Nilikwambia usikanyage hapa! Nilikwambia au sikukwambia?" Akainua mkono ampige.

Mama Lugano hakujitetea. Akasema, "Nipige. Ila hesabu watoto wako kwanza."

Akageuka. Akawaona kwenye majani, mkewe amejikunja anatapika, watoto pembeni yake. Mkono ukashuka wenyewe. Akahesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. "Mmoja. Wawili." Akatazama tena kwenye majani. "Mkubwa yuko wapi?"

"Mkubwa yupi?"

"Binti yangu! Yuko wapi binti yangu?"

"Si yuko kwa bibi yake?" Mama Lugano akasema. "Kaja lini? Mbona hakuja kuniamkia?"

Yule baba alikuwa ameshaingia ndani. Akalipita jiko, likiwa bado jekundu na halina moshi, akafika chumba cha ndani, akamkuta amejifunika mpaka shingoni kama alivyolala. Akambeba, akatoka naye, akamlaza kwenye majani yaliyolowa, akaanza kumwita jina lake. Akaita. Akaita tena.

Naona mnavyonitazama. Mnataka kujua kama alipumua. Mfano huu ni wangu, naweza kumponya kwa neno moja, na Mungu anajua natamani kulisema, maana mimi pia nina mabinti wawili. Lakini nawajua ninyi, na mimi najijua. Nikimponya mtasema amina, mtakwenda kula wali wenu, na jioni mtakuwa mmesahau. Simponyi. Namwacha pale kwenye majani, na baba yake anaendelea kumwita. Nendeni naye nyumbani hivyo hivyo.

Maana yule baba ni sisi. Tunaogopa kitakachoingia, tunapanda ngazi na saruji. Ndugu akituonya, tunasema ana mdomo, tunamziba. Mama wa jumuiya akituuliza mbona hamwonekani, tunasema anatuchunguza, tunamziba naye. Kweli wengine wana mdomo. Mama Lugano alikuwa nao. Lakini niambieni, siku ile, nani mwingine mtaani aliyekuwa anajua kwamba yale maharage hayaungui bure? Na laiti angeachwa ajue na lile moja zaidi, kwamba binti amekuja!

Tunaziba, halafu tunakaa kwenye joto letu na kile tulichokibandika wenyewe katikati ya sebule. Ndugu wawili waliogombania shamba la marehemu baba yao, wanakaa benchi moja hapa mbele, wanaimba sauti moja, miaka minne hawasemezani. Hakuna moshi. Mume ana jambo linamla, mkewe analala naye kitanda kimoja na halijui. Hakuna moshi. Kijana wako anakwambia kichwa kinamuuma kila siku, unampa kidonge, hujawahi kukaa naye ukamuuliza. Hakuna moshi, hakuna harufu, kila mtu anaona nyumba yenu ni nzuri na kuta ni za krimu. Mimi naogopa, wapendwa. Nikipita mitaani nikaziona nyumba zilivyofungwa vizuri, naogopa.

Na jiko la mkaa litoke nje leo. Nasema jiko, jiko lenyewe lile la kupikia, msije mkadhani naongea mambo ya kiroho tu. Na yale matundu ya hewa mliyoziba, chukueni nyundo.

Kabla kwaya haijasimama, geuka kwa mtu. Usigeuke kwa rafiki yako, mgeukie yule ambaye hujamsalimia tangu mlipokosana, na kama yuko upande wa pili wa kanisa, inuka umfuate. Mwambie nyumbani kwako jana mmelala wangapi. Wataje kwa majina. Usimwache yule wa chumba cha ndani.

Haya, inukeni. Mzee wa kanisa, mlango uache hivyo hivyo.