Buti za Treni ya Saa Nane

Kiatu cha gwaride hakifiki vitani. Leo mmesikia mwalimu mkuu akiambiwa hivyo, alipoazima madawati ya shule jirani kwa ajili ya mgeni. Mkacheka, kisha mkauliza neno hilo limetoka wapi. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Zamani Warusi walipatana na Wafaransa: Mjerumani akimvamia mmoja, mwenzake aje mbio. Katika mji mdogo wa Warusi karibu na mpaka alikuwapo kapteni, Yefim Lukich, mkuu wa kombania ya askari mia mbili. Jeshi lao lilikuwa na desturi ya ajabu: askari walipewa ngozi, wakajishonea buti wenyewe. Mwaka mzima sindano mkononi, uwanja wa shabaha ukaota majani. Na huko kushona kwenyewe walikuwa wakilipualipua kazi tu, buti zikafumuka upesi.

Ndipo ikaja amri ya kulitengeneza jeshi upya. Kushona kukome, askari wafunzwe vita, na kila kikosi kiwe na buti mpya ghalani. Yefim alifurahi mno. Katika vita na Wajapani alimzika mdogo wake, Mitya, aliyekufa kwa miguu iliyooza katika theluji. Aliapa kwamba hatamzika mwingine hivyo.

Lakini kanali wake aliwajibu wakubwa kwamba buti zipo, na hazikuwapo. Jenerali wa Kifaransa alipotangaza kuja kukagua, kanali aliazima buti za kikosi cha mji wa pili, zikaletwa kwa treni.

"Afande, mgeni akiondoka askari wangu watavaa nini?" Yefim aliuliza.

"Funika kombe mwanaharamu apite, Kapteni. Mgeni anatazama asubuhi moja tu."

"Na Mjerumani naye atatazama asubuhi moja?"

"Ukifungua mdomo uwanjani, cheo huna."

Yefim alipiga saluti, akaondoka. Aliogopa, maana cheo hicho alikihangaikia miaka kumi na sita. Lakini kila alipokifikiria, aliiona miguu ya Mitya. Akasema moyoni, liwalo na liwe.

Siku ya gwaride buti ziling'aa, na jenerali aliridhika. Kombania ya Yefim ilipofika mbele yake, kapteni akapaza sauti: "Kombania, simama! Vueni buti!"

Askari mia mbili wakavua, wakasimama topeni na vitambaa vya miguu tu, walivyojizungushia badala ya soksi.

"Nini hiki?" jenerali aliuliza kupitia mkalimani.

"Mheshimiwa, buti hizi zinapanda treni saa nane kurudi kwa wenyewe. Sisi tunabaki. Kama sisi ni marafiki zenu, tuoneni tulivyo."

Kanali alimvua cheo palepale. Lakini barua ya jenerali iliwafikia wakubwa, na kabla ya majira ya baridi kikosi kilikuwa na buti zake chenyewe.

Kiangazi kilichofuata vita vikazuka. Yefim alikwenda kama askari wa kawaida, mwisho kabisa wa mstari. Siku ya tatu walikipita kikosi cha mji wa pili, kimekaa kando ya barabara kikifunga malengelenge. Buti zao zilikuwa zimeazimwa tena, zimekwenda gwaride la watu wengine.

Mmoja wao akamtambua. "Ndugu, wewe si yule kapteni aliyevuliwa cheo? Hujuti?"

Yefim aliitazama miguu ya yule mtu, akamkumbuka Mitya. Akafungua mkoba, akampa vitambaa vyake vya akiba.

"Sijuti, ndugu yangu," alisema. "Kiatu cha gwaride hakifiki vitani."