Risala Ndefu ya Pimbi kwa Mheshimiwa Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa ahadi!
Ahadi ziko wapi?
— Zimo njiani, zinakuja!
Basi sogeeni karibu, tuzisubiri huku tunasimulia.

Hapo kale, tena si kale sana, Bonde la Majabali lilipata serikali mpya. Kiboko alipita kila pango na kila kichuguu akinguruma, "Nipeni kiti, kila mama atachota maji mlangoni kwake!" Wakampa kiti. Siku ya pili yake akapanda mlimani kwenye chemchemi, ile moja tu isiyokauka kiangazi, akaizungushia miiba, akaweka Nyati wawili mlangoni, akajitosa, chubwi! Akaiita Ikulu.

Bonde likabaki na kiu yake. Mama Pimbi, na vile vimiguu vyake, akawa anatoka alfajiri na kibuyu kwenda mbugani, anarudi jua la utosi. Nusu kibuyu maji, nusu tope. Mwanawe, Pimbi, alikuwa anamwangalia akipanda majabali hema-hema, na roho inamchoma.

Maana Pimbi huyu alikuwa msomi bwana. Digrii anayo, tena fasti klasi, kaitundika pangoni. Kazi hana. Kila alikoomba aliambiwa, "Lete eksipiriensi ya miaka mitano." Miaka mitano ni nusu ya maisha ya pimbi! Basi akawa anashinda juu ya jabali anaota jua, na ulimi anaunoa huko huko.

Mwaka ukatimia. Kunguru, msemaji wa serikali, akatua jabalini, kwaa!

"Amka, msomi. Serikali inatimiza mwaka. Wageni wanakuja, mpaka Simba wa pori la jirani. Mheshimiwa atazindua bomba la maji hapa bondeni, na wewe utaandika risala ya wananchi. Mafanikio kumi."

"Kumi? Mimi nahesabu tangu asubuhi sijafika moja."

"Ndiyo maana tukatafuta mwenye digrii."

"Na hilo bomba lina maji?"

"Lina utepe," akasema Kunguru. "Mheshimiwa anasikiliza risala, anakata, anaondoka. Robo saa. Ukiandika vizuri, kiti cha Afisa Habari ni chako."

Ukweli ni kwamba mabomba ya mianzi yalikuwa yamelazwa kitambo. Muhanga, fundi wa kuchimba, aliyafikisha mpaka kwenye miiba ya Ikulu. Zikabaki hatua tatu kuifikia chemchemi. Nyati wakamwambia, "Hapa hapiti mtu mpaka tusikie sauti ya Mheshimiwa mwenyewe." Hatua tatu, mwaka mzima!

Pimbi akamtazama mama yake anavyopanda na kibuyu. Akalitazama jua. Kicheko kikamponyoka, kiii!

"Nitaandika, mjomba. Ila shughuli iwe saa sita mchana, ili wageni waone vizuri."

Kunguru alipoondoka tu, Pimbi akateremka mbio kwa Muhanga. "Bro, siku hiyo kaa kule kwenye miiba. Ukimsikia mwenyewe ananguruma, unganisha."

"Na asiponguruma?"

"Atanguruma. Ngozi yake itamsemesha."

Siku ikafika. Kiboko akaja, dubu, dubu, dubu, ardhi inatetemeka. Wageni wakakaa kivulini, yeye akakalishwa mbele kabisa, juani, kama itifaki inavyotaka. Na mila ya bonde ni moja: mgeni rasmi hanyanyuki risala yake ikisomwa. Akinyanyuka, kaikataa, na sifa zote zilizomo kazikataa.

Pimbi akakunjua risala. Gome la mti, refu! Ncha moja mkononi, ya pili ikabingirika mpaka miguuni kwa Simba.

"Yua Ekselensi! Fanikio la kwanza: umeunda tume ya maji!"

"Makofi!" akalia Kunguru.

Pwa! Pwa! Pwa!

Kiboko akatabasamu mdomo mzima. "Endelea, kijana."

"La pili: umeunda tume ya kuitafuta ile tume ya kwanza!"

"Makofi!"

Pwa! Pwa! Pwa!

"Endelea, kijana."

"La tatu: tangu ushike kiti, jua limechomoza siku mia tatu sitini na tano bila kukosa! Enzi za utawala uliopita lilikuwa linazama ovyo ovyo. Sasa linazama kwa utaratibu!"

Pwa! Pwa! Pwa!

"Endelea... kijana. Ila kaza mwendo."

"La nne, lenye vifungu ishirini na saba..."

Jua likawaka. Pimbi jua ni godoro lake, akasoma kifungu kwa kifungu, hana haraka. Lakini ngozi ya Kiboko ni ya majini. Ikaanza kuvutika. Ikaanza kupasuka, ta! ta! ta! Kufika la nane jasho jekundu linamchuruzika.

"La nane! Ndugu wageni, mnamwona? Anatoka jasho jekundu kwa ajili yetu! Nani mwenye kiongozi kama huyu?"

Pwa! Pwa! Pwa! Simba akainamisha kichwa kwa heshima.

Kiboko akainama. "We mtoto," akanong'ona, "maliza. Nakufa."

"Tumefika la tisa, baba. La tisa ni shairi."

"Shairi?"

"Beti hamsini tu."

"Liache hilo shairi! Nenda la kumi!"

"La kumi ni maji, Mheshimiwa. Ufungue bomba, umtwishe mama kibuyu. Na ukipenda, unaweza kukaa chini yake."

Mama Pimbi akasogea na kibuyu chake. Kiboko akasahau utepe, akapita nao kifuani, akaling'ang'ania bomba, akafungua.

Fyuuu... kho! kho!

Akatoka buibui mmoja, mzee, akawatazama wageni, akarudi ndani. Kule kivulini Simba akakohoa.

"Ni hatua tatu tu, baba," Pimbi akamnong'oneza. "Zinangoja sauti yako."

Kiboko akawatazama wageni. Akaitazama Ikulu yake kule juu, mbali. Ngozi ikapasuka tena, ta! Akafumbua kinywa.

"UNGANISHENIIII!"

Kule juu Nyati wakapisha. Muhanga akaingia, kwaru, kwaru, kwaru. Mianzi ikagugumia. Gudu... gudu gudu... CHWAAA!

Maji! Kiboko akajipachika chini yake, kafumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

"Pisha kidogo, baba, nichote," akasema Mama Pimbi. Kibuyu kikajaa mpaka shingoni, maji meupe, hayana tope. Akaonja. Akacheka peke yake. Akaonja tena.

"Mwaka mmoja tu!" Simba akashangaa. "Sisi kwetu mwaka wa kumi huu tunakata utepe!"

Kiboko aliposikia hivyo akavimba. "Hii ndiyo serikali ya vitendo! Maji haya hayatafungwa kamwe!"

"Kunguru," akasema Pimbi, "lichonge hilo jiweni, na jina la Mheshimiwa chini yake. Kubwa."

Siku ya tatu maji ya Ikulu yakawa yanamfika Kiboko magotini. Jioni akateremka kuja kufunga bomba. Akamkuta Pimbi juu ya jabali.

"Funga tu, Mheshimiwa," Pimbi akasema. "Ila ngoja kwanza nimwandikie Simba kwamba mafanikio yamerudi kuwa tisa. Tume mbili, jua, jasho, na shairi ambalo halikusomwa. Mengine unayakumbuka wewe?"

Kiboko akawaza. Hakukumbuka hata moja. Akalitazama jiwe, akasoma jina lake taratibu. Akageuka, dubu, dubu, dubu, akarudi zake.

Kiti cha Afisa Habari alipewa mpwa wa Kunguru. Pimbi akasonya, mxyu! Kisha akapokea maji ya mama yake, akanywa, akajinyoosha jabalini. Ndiyo maana mpaka leo pimbi huota jua juu ya mawe: analinda bomba. Na kiboko hashindi nchi kavu mchana. Anahofia pengine kuna risala.

Funzo: vijana, serikali ikitimiza mwaka, msiseme kitu wala msiandike kitu. Kaeni mtulie. Maji huja yenyewe.

Hadithi imekauka, koo langu pia. Ikiwa tamu, iandikeni kwenye mafanikio ya serikali. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.