Ndoo Zilizozibwa Matundu

Hapo zamani, si ile ya masultani na majini bali zamani ya juzijuzi, ya nyumba za kupanga na maji ya mgao, palikuwa na ua wa saruji usio na udongo hata wa kuzikia panya. Katika nyumba yenye ua huo alipanga Siwema, mjamzito. Mumewe alikwenda machimboni akasema atarudi. Hakurudi, wala hakusema tena. Ndugu hakuwa nao, na bibi aliyemlea alikuwa ameshatangulia.

Kliniki wakampima. "Mama, damu yako ndogo. Ukienda nayo leba hivi, hatukuahidi kitu." Wakampa vidonge, akavitapika. Wakampa vingine, navyo akavitapika. Nesi akasema, "Basi kula mboga za majani, kila siku, tena kwa wingi."

Jirani wa chumba cha mkabala alikuwa Bi Mwanaidi, aliyeolewa mara mbili na kuachwa mara mbili kwa sababu ileile: hakuzaa. Akaomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi, akazitoboa matundu chini, akatandaza kokoto, akajaza udongo na samadi ya mbuzi, akapanda mchicha na mnafu.

"Mdogo wangu," akamwambia Siwema, "hospitali yako ndiyo hii. Wewe chuma tu."

Mchicha ukaota. Siwema akala, akapata rangi usoni. Kliniki wakasema damu inapanda. Mngedhani hadithi imekwisha, lakini hamjamwona Bwana Afya.

Bwana Afya wa kata aliitwa Mkwizu, mtu wa kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Siku hiyo alikuwa akisaka mbu. Mbu hakuwaona. Aliona maji yakichuruzika kutoka chini ya ndoo, yakipita ukumbini hadi barazani.

"Haya maji ni ya nani?"

"Ya mchicha, bwana," akajibu Bi Mwanaidi.

"Mchicha si mkazi wa kata hii. Sheria ndogo inasema maji yasitiririke. Ziba matundu, ama ndoo nazibeba."

"Nikiziba, bwana, maji yatatokea wapi?"

"Hilo sheria haikuuliza."

Bi Mwanaidi alijua. Mama yake alikuwa mtu wa bustani, na alimfundisha kwamba mzizi ukikaa majini hufa kama mtu. Lakini ndoo zikibebwa, Siwema atakula nini? Akayeyusha mshumaa, akaziba. Akajisemea: nitamwagilia kidogo, kwa kijiko ikibidi. Hakumwambia mwenzake yeyote. Kisha akaitwa msibani kwao, akakawia huko.

Sasa mtazameni Mzee Ngwali wa chumba cha mwisho, mstaafu wa reli. Kila alfajiri alitawadha uani, na maji yaliyobaki akayamimina kwenye ndoo za Siwema. Adhuhuri vivyo hivyo, na alasiri, na magharibi, na isha. Ndiyo sadaka aliyokuwa nayo, na alifundishwa tangu utoto kwamba sadaka njema ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Naye hakumwambia mtu.

Majani yakageuka manjano. Siwema aliona. Alinusa udongo ukinuka kama mtaro. Asubuhi moja alimwona hata mzee na birika lake. Lakini mtu aliyepewa atasemaje kwamba alichopewa kinaoza? Atamwambiaje mzee wa watu kwamba wema wake umezidi? Akaogopa kuitwa hana shukrani. Akarudia ugali wake kwa chumvi, naye hakusema.

Bi Mwanaidi aliporudi alishika shina, likang'oka bila kubisha. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Akatia mbegu upya, na kabla hazijachipua uchungu ukamshika Siwema.

Mtoto wa kike akazaliwa mzima, mwenye sauti. Mama damu ikamtoka, na hakuwa nayo ya kumtoka. Akazikwa kabla ya jua kuchwa.

Siku ya saba ikakaribia, mtoto hana jina wala wa kumpa jina. Bi Kidawa, mwenye nyumba, akawaita wote uani, mtoto mapajani, ndoo zimepangwa ukutani. Hata Bwana Mkwizu alikuja, na kalamu zake zote mbili.

"Mimi nilitii amri," akaanza Bi Mwanaidi.

"Mimi nilitoa sadaka," akasema Mzee Ngwali. "Nani aliniambia matundu yamezibwa?"

"Mimi nilikataza maji kutiririka," akasema Bwana Mkwizu. "Sikuagiza mchicha ufe. Kifo cha mchicha kiko idara ya kilimo."

"Na marehemu mwenyewe si alikuwa na mdomo?" akadakia mtu wa nyuma. Akatazamwa mpaka akainama.

Bi Kidawa akasema, "Mmemaliza? Basi sikilizeni. Aliyemponza mama ndiye atakayemlea mwana."

Mtoto akalia. Bi Mwanaidi akainuka.

"Basi ni mimi. Nilijua, na nikaziba kwa mkono wangu huu. Nyinyi hamkujua. Nipeni."

"Keti, binti yangu, usinipokonye dhambi yangu," akasema Mzee Ngwali. "Ndoo isiyotiwa maji haiozi, hata ikizibwa. Maji ni yangu. Siku zangu si nyingi. Niacheni niende nimetengeneza kitu."

"Utamlea, baba, au atakulea?" akauliza Bi Mwanaidi.

Bwana Mkwizu akavua kofia. "Amri ilitoka kwangu."

Jamani, nimekalia mabenchi ya ofisi nyingi, na sijapata kumwona afisa akidai kosa kama mtu anavyodai posho.

"Leo umekuwa mkosaji wewe?" Bi Mwanaidi akamkabili. "Si ulisema idara ya kilimo?"

"Na wewe si ulisema ulitii?" Kisha akashusha sauti. "Mke wangu ananyonyesha. Maziwa yapo. Huyu mtamlisha nini, mchicha?"

Hakuna aliyecheka. Bi Kidawa akawatazama mmoja mmoja. "Nilipoketi hapa sikuwa na mkosaji hata mmoja. Sasa ninao wa kugawa."

Mtoto akalala. Ndoo bado zimezibwa. Hakuna aliyekumbuka kuzizibua. Nanyi mliokaa kimya tangu nianze, semeni mwenye kosa ni yupi: aliyejua akaziba, aliyemimina asijue, au aliyeamuru asiulize? Na anayelilia kosa kwa sababu anamtaka mtoto, kosa hilo ni lake kweli? Kesho jina litatamkwa sikioni mwa mtoto. Je, kwa mdomo wa nani?