CD ya Tano ya Ketrina

Naapa kwa mvi zangu zote, na zile zilizokwisha kung'oka nazihesabu, kwamba kisa hiki ni kweli tupu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, yaani anayefanya jambo kwa utulivu hulifikisha salama. Mzee Osea wa Isansa hakuyaamini maneno hayo.

Kwa miaka thelathini alipitisha makaratasi ya malori mpakani Tunduma, ambako karatasi ikilala, lori nalo linalala. Alistaafu na kasi yake ileile. Alijifundisha kompyuta peke yake, akaiwekea mfumo wa Linux, kisha akawa anatembea kijijini kama mtu aliyemeza umeme.

Alhamisi moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeifunika mibuni kama shuka, alifika Ketrina, mjane wa rafiki yake Alinanuswe. Alileta redio yake na flashi yenye nyimbo tatu za kwaya, ambamo marehemu aliimba besi.

"Shemeji, Jumamosi tunamaliza matanga. Nataka ndugu zake waisikie sauti yake. Hata mimi sijaisikia tangu tumzike. Ila redio yangu haijui flashi, inakula CD tu."

"Utaipata kabla chai haijapoa," Osea alijibu.

Alikuwa na CD tupu tano, za mwisho katika duka moja la Tunduma. Katika ya kwanza alinakili nyimbo kama mafaili ya kawaida. Redio ikaizungusha, ikanyamaza kama bubu. Hapo akakumbuka kwamba redio za zamani hutaka CD ya muziki hasa. Akaiagiza programu itengeneze hiyo, akachagua kasi ya juu kabisa, arobaini na nane. CD ya pili ikarukaruka kama mbuzi. Akalaumu vumbi. Ya tatu ikakwama wimbo wa kwanza. Akalaumu Linux, akaizima, akaiwasha. Ya nne ilikohoa tu.

Chai ilikuwa imepoa zamani. Ketrina aliitazama CD iliyobaki.

"Shemeji, hiyo nayo ikiharibika, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Mashine imechoka," Osea alisema.

"Mashine au wewe? Kahawa ukiianika kwa pupa, inapasuka ganda. Hicho chombo hakina mwendo wa pole?"

Osea alikohoa kidogo. "Kinao. Kuna kasi ya nne. Ila tutangoja."

"Nimengoja siku arobaini. Dakika chache zitanishinda?"

Akafunga programu nyingine zote, akachagua nne, akaweka mikono mapajani kama mtoto aliyeadhibiwa. CD ikazunguka, ikinong'ona kama mvua ya mbali migombani. Ilipotoka, Ketrina aliitia redioni mwenyewe.

Sauti ya Alinanuswe ikapanda taratibu kutoka chini, nzito kama asali, haikuruka wala kukwama. Ketrina alifumba macho, midomo ikimfuata. Ubeti wa pili sauti ile ikasita kidogo.

"Hapo," alisema akicheka huku machozi yakimtoka. "Hapo husahau maneno kila siku."

Ukungu ukasimama mlangoni kusikiliza. Mpunga wa bondeni Kamsamba ukainama wote upande wetu. Na kule Tunduma, malori yote ya foleni yakazima injini mpaka wimbo ulipokwisha.

Nilipofika hapo kuandika, Rozi mke wangu akaweka kidole kwenye karatasi.

"Malori yapi tena? Na Isansa hii Osea ni mmoja tu, nimempikia ugali miaka arobaini. Mbona umemwandika kama jirani?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

"Na mchungaji wetu umemwambia kasi ya nne umeigundua wewe, kumbe aliyekuambia uende pole ni Ketrina. Jogoo mmoja aende kwake kama fidia, leo hii."

Nilimkimbiza jogoo yule nikaanguka karibu na choo, nikamkimbiza tena nikaanguka tutani, Rozi akinihesabia. Mara ya tatu nilivua ndala, nikanyata hatua moja moja hadi nikamshika mbawa. Nimempeleka kwa Ketrina mwenyewe, magoti yakiwa na matope, na ninakiri kwa mwandiko wangu: mwenda pole hajikwai.