Kasuku wa Nyuma ya Cherehani

Hadithi hii nilipewa na mpwa wangu mwenyewe, fundi cherehani, mvua za mwaka juzi, tukiwa tunachambua mchele. Alilia, nami nikamwacha alie.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huanza mwembamba kama uzi, ndiyo maana tunaupuuza.

Mpwa wangu huyo alikuwa mama wa binti mmoja, wa darasa la tatu. Shule ilikuwa imetangaza kwamba asiyejua kusoma mwisho wa mwaka, la nne hataliona. Basi kila jioni binti alisimama na kitabu cha darasani nyuma ya mama yake, akasoma. Mama, mgongo umemgeukia na macho yako kwenye sindano, aliitikia, "Enhe, endelea." Binti hakukwama hata mara moja. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji. Kwa furaha mama akambandika jina, Kasuku.

Siku moja jirani alifuata gauni lake. Akamtazama binti, akacheka.

"Shoga, mwanao kakishika kitabu kichwa chini, miguu juu!"

"Kasuku wangu huyo," mama akajibu bila kugeuka. "Hata ukimning'iniza darini atasoma. Haya, vaa tuone kiuno."

Binti akakigeuza kitabu upesi, akaendelea.

Mwisho wa mwaka mama aliitwa shuleni. Mbele yake, mwalimu akampa binti kitabu kipya. Kimya. Akamfunulia ukurasa mwingine. Binti akazikodolea macho herufi, asisome hata moja.

"Mama, huyu hajui kusoma," mwalimu alisema. "Kile cha darasani alikikariri kwa kuwasikia wenzake. Atarudia darasa."

Njiani binti alitembea hatua kumi nyuma, ameinamia viatu vyake.

Jioni ile cherehani haikulia. Mama aliketi sakafuni, bega kwa bega na mwanawe, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Hapa pameandikwaje, mwanangu?"

"Sijui."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ungegeuka, ungeona."

Mama akarudisha kidole kwenye neno. Wakapata maneno matatu, kwa machozi, na moja likasahaulika palepale. Binti akasinzia, shavu juu ya kitabu. Mama akabaki akizitazama kurasa zilizosalia, nene kama tofali, hadi usingizi ukamchukua naye, hapohapo sakafuni.

Kweli, usipoziba ufa, utajenga ukuta.