Nyuso za Nta za Kina Marsidi

Paukwa, nanyi semeni pakawa! Kulikuwa na kina Marsidi, mabwana wakubwa wa Rumi. Ukumbini mwao zilitundikwa nyuso za nta za mababu waliokufa, na kila vita vilipozuka, nyuso zilisema: "Ukutani pana nafasi."

Mwana wa kwanza wa Bibi Vibia, mke wa ukoo huo, akaacha wanawe wadogo akaenda vitani, ukarudi uso wa nta. Wa pili akaenda, ukarudi uso wa nta. Kitindamimba mama alimshika miguu.

"Niache, Mama, wakubwa wameniita."

Ukarudi uso wa nta.

Vibia akawasha mwenge ayeyushe ukuta mzima. Nta ikaanza kutiririka, na sauti tatu zikalia: "Mama, ndio kwanza tumerudi nyumbani, mbona watuchoma?"

Mwenge ukamponyoka, ukazimika sakafuni. Ndipo zile nyuso kongwe zikamuuliza kwa upole: "Vibia, wajukuu hawajambo?"