Ringi Zilizompita Mwenyewe

Ringi uliyoidharau ndiyo itakayokupita njiani. Nimemwambia hivyo mjukuu wangu Nkulu, anayetaka kuuza magurudumu mazima ya baiskeli yake kwa kuwa rafiki yake kafunga mapya. Kanuna. Wenzake wamecheka, kisha wakaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, kaeni, na wewe Nkulu kunja mdomo ukiwa umekaa. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu kwenye misitu ya Tabora palikuwa na kijana mrina asali, jina lake Lugusha. Mizinga yake ilikuwa mbali, kwa hiyo baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yake. Ringi alizichagua kwa akili: za chuma kizito, spoku nene tena nyingi, na habu, ile ya katikati, ambayo unaifungua mwenyewe ukatia grisi. Hazikuwa ghali. Spoku ikikatika, duka lolote la kijijini lenye chumvi na kiberiti lilikuwa na nyingine. Taabu ya ringi hizo ilikuwa sura na kelele. Zilishika kutu, na ile ya nyuma ililia kwi, kwi, kwi, hata mbwa wa njia nzima walimjua Lugusha kabla hawajamwona.

Jirani yake, Mihambo, alifunga ringi nyembamba kutoka mjini, nyeupe za kung'aa, zenye spoku chache kama meno yangu. Alikwenda nazo mnadani na ngomani, basi.

Lugusha alikuwa amemchumbia Kalunde, binti wa kijiji cha mbali, mwendo wa kutwa kwa baiskeli. Siku moja Kalunde alikuja kumtembelea dada yake aliyeolewa kijijini kwao Lugusha. Yeye na Lugusha walipofika kisimani, baiskeli ya Mihambo ilikuwa imeegeshwa pale. Kalunde akainama mbele ya gurudumu, akatabasamu, akasema, "Lo, hizi ringi zinang'aa!"

Lugusha alikuwa nyuma yake amebeba ndoo. Maji yakamwagika.

Wivu, wajukuu zangu, haubishi hodi. Unaingia na viatu. Tangu siku ile chakula kilimshinda Lugusha. Akimwona Mihambo amechana nywele, anajiuliza kamchania nani. Mihambo akipiga kengele, Lugusha anasema moyoni, huyo anamwita mchumba wangu. Hata Mihambo alipopiga chafya, Lugusha aligeuka kutazama nani kaitikia.

Mwishowe akamwendea.

"Mihambo, ndugu yangu, tubadilishane ringi."

Sasa, Mihambo zile ringi zilikuwa zimemchosha. Akipakia gunia zinapinda, na spoku yake mpaka aagize mjini. Lakini uso wake haukusema neno. Alikuna kichwa kama mtu aliyeombwa figo.

"Hizi? Hizi ni roho yangu, bwana."

"Nakuongeza jogoo."

"Yupi? Yule mwekundu?"

"Huyo huyo."

"Basi chukua. Ni kwa vile wewe ni jirani."

Mihambo akaenda nyumbani, akafunga mlango kwanza, ndipo akacheka.

Katika ukoo wa Kalunde, mchumba hupeleka madumu mawili ya asali kwa mama mkwe siku waliyokubaliana. Jua likizama hajafika, posa imekufa: ng'ombe wa mahari wanarudi kwao, na binti yuko huru kuposwa na mwingine. Mchumba hufuatana na shahidi, ambaye mzigo wake ni mdomo tu. Na shahidi ambaye wazee walikuwa wamekwisha kumtaja ni nani? Mihambo.

Lugusha hakutaka Kalunde amwone Mihambo kwanza. Alfajiri akafunga madumu yake, akaondoka peke yake kimyakimya. Ringi mpya hazikulia hata kidogo. Kila palipokuwa na mwanga aliinamisha shingo kujitazama humo, akajiona bwana harusi kweli.

Kisha akaingia kwenye korongo la mawe. Spoku ikasema ti! Akajifanya hajasikia. Ikafuata nyingine. Kabla hajavuka, gurudumu la nyuma lilikunjika kama sikio la mbwa, na Lugusha akaanguka, yeye chini, asali juu. Madumu yalipona. Alikokota kila kitu mpaka duka la karibu. Mwenye duka akaishika ile spoku, akaigeuzageuza.

"Hii ni ya baiskeli au ya cherehani? Mimi nina za baiskeli."

Lugusha akakaa kando ya barabara. Jua likapita utosini, likaanza kuteremka. Ndipo akasikia kwa mbali: kwi, kwi, kwi. Sauti ile aliijua kama kikohozi cha mama yake.

Mihambo akafunga breki. "Mbona hukuniamsha, bwana harusi?"

Lugusha akamwonyesha gurudumu lililokunjika.

"Basi mimi niende, nikashuhudie kwamba hukufika."

"Chukua asali," Lugusha akasema. "Mimi nitakuja kwa miguu."

"Nitachukua. Lakini asali ikifika bila wewe, wataniuliza mposaji ni nani. Nami nina aibu, sijui kuwakatalia wakwe."

Lugusha aliruka kama aliyekalia siafu. Baiskeli ya Lugusha na gurudumu lake bovu wakaviacha kwa mwenye duka. Wakaning'iniza dumu huku na dumu huku, na Lugusha akapanda juu ya keria, miguu inaning'inia. Watu wawili na asali yote ile! Ringi za kutu zililia njia nzima, lakini hazikupinda.

Walifika jua limegusa miti. Shangazi yake Kalunde, ndiye mpokea asali kwa niaba ya mama mkwe, alisimama uani mkono kiunoni.

"Karibuni, baba zangu. Sasa bwana harusi ni huyu anayetoka jasho, au huyu aliyeletwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Lugusha, macho chini, akaeleza yote, na jogoo akamtaja. Shangazi akapokea madumu, akasema, "Mwanangu, ringi uliyoidharau ndiyo itakayokupita njiani. Shukuru kwamba yako ilisimama."

Lugusha akamgeukia Kalunde. "Si wewe uliyezisifu ringi za Mihambo?"

"Mimi? Nilikuwa najitazama nywele. Dada alinisuka upande, na kisimani hapana kioo."

Walioana. Ringi iliyobaki nzima Kalunde aliitundika ukutani, akawa anajisukia mbele yake. Zile za kutu Mihambo alikataa katakata kuzirudisha, na jogoo alikuwa amekwisha kuliwa. Kwa hiyo kila Lugusha alipokuwa na safari ndefu, alibisha hodi kwa jirani, kofia mkononi, kuazima ringi zake mwenyewe. Na Mihambo naye humjibu akiwa ndani, hajafungua hata mlango: "Nani huyo? Ringi uliyoidharau..."

Naye Lugusha humalizia nje, kwa sauti ndogo: "...ndiyo itakayokupita njiani."